Kivu ya Kaskazini: Masisi na Walikale, namna ya kula vizuri katika resto bila kuumiza mwili

Kuanzia Mushaki na Rubaya hadi Mubi na Ndjingala, watu wengi hawali chakula cha mchana nyumbani kwao. Dereva wa pikipiki, mchimbaji mdogo wa madini, mwanamke anayefanya biashara ya mihogo, mwalimu aliye mbali na familia, mtu aliyekimbia vita: wote hukaa kwenye benchi moja ya mbao, mbele ya sahani ya bugali. Sahani hiyo inashibisha, na kwa wengi ndiyo chakula pekee cha siku nzima. Lakini je, inajenga mwili, ama inauharibu polepole?

Mashauri mengi juu ya kula vizuri nje ya nyumba yameandikwa kwa ajili ya watu wa miji mikubwa, wale wanaokaa katika mgahawa wa Kichina wa Nairobi ama Kampala na kuchagua katika orodha ndefu. Katika resto za Masisi na Walikale hakuna orodha. Mama mpishi anataja vyakula vitatu ama vine, mteja anachagua, anakula, analipa, anaendelea na safari. Hata hivyo, mtu anaweza kuchagua, na kanuni za afya ni zilezile: mafuta kiasi gani, chumvi kiasi gani, mboga ziko wapi, na chakula kimepikwa namna gani.

Barabara inaamua kilicho katika sufuria

Wilaya hizi mbili ni jirani, lakini hazili namna moja. Masisi ni nchi ya milima na malisho. Huko kuna maharagi, mahindi, viazi, kabichi, maziwa, na ile fromaji ya mviringo inayojulikana hadi Goma na Kinshasa. Walikale ni nchi ya msitu, wilaya kubwa kuliko zote za Kivu ya Kaskazini, yenye zaidi ya kilomita za mraba 23 000. Huko kuna mihogo, sombe, mchele, ndizi, mafuta ya mawese, samaki wa mito na nyama ya pori.

Barabara ikiwa wazi, sahani za pande zote mbili zinakamilishana: maharagi na kabichi vinashuka kutoka Masisi, mafuta ya mawese yanapanda kutoka Walikale. Barabara ikifungwa, kila upande unabaki na chake. Hilo ndilo lililotokea mara nyingi katika miaka hii ya vita. Rubaya ilianguka mikononi mwa waasi wa M23 mwisho wa Aprili 2024. Masisi-kati ilichukuliwa Januari 4, 2025. Walikale-kati ilichukuliwa Machi 19 mwaka huohuo, kabla ya waasi kuondoka hapo mwanzoni mwa Aprili. Siku chache kabla ya Walikale-kati kuanguka, kampuni Alphamin ilisimamisha kazi kwenye mgodi wake wa kasiteriti wa Bisie, kisha ikaanza tena mwezi wa Aprili. Kila tukio la namna hiyo linagusa pia sufuria: wachuuzi wanakimbia, mashamba yanaachwa, bei zinapanda.

Migodi nayo ina historia yake ya chakula. Tangu kasiteriti ilipogunduliwa Bisie mwaka 2002, maelfu ya watu waliishi mlimani mahali ambapo hakuna mashamba. Kila mfuko wa unga na kila chupa ya bia vilipandishwa mgongoni mwa wabebaji kupitia msituni. Chakula kinachovumilia safari ya namna hiyo ni kikavu, chenye chumvi nyingi, ama chenye sukari nyingi. Tabia hiyo ya kula imebaki katika vituo vingi vya uchimbaji: bugali nyingi, samaki wa chumvi, kube, sukre, na mboga kidogo sana.

Anza na mboga na maharagi

Shirika la Afya Duniani, OMS, linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Kwa mtu anayekula resto, njia rahisi ni kuangalia sahani kwa macho. Mara nyingi robo tatu ya sahani ni bugali, na mboga ni kijiko kimoja pembeni. Kubadilisha hesabu hiyo hakuhitaji pesa nyingi: ni kumwomba mama apunguze kipande kimoja cha bugali na kuongeza sombe, lengalenga, kabichi ama maharagi. Katika resto nyingi mboga ni rahisi kuliko nyama, na mpishi hakatai.

Maharagi yana nafasi ya pekee. Ni chakula cha kujenga mwili kwa mtu asiyeweza kununua nyama kila siku, na yakiliwa pamoja na mahindi ama mchele, kimoja kinaongeza kile ambacho kingine hakina. Lakini sherti yaive vizuri. Maharagi mekundu yasiyoiva yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuumwa tumbo ndani ya saa chache, na ni kuyachemsha kwa nguvu tu ndiko kunakoiharibu. Milimani Masisi kuna shida ya ziada: kadiri mtu anavyopanda, maji yanachemka kwa joto dogo zaidi. Penye mita 2 000 juu ya bahari, maji yanachemka karibu na digrii 93, si 100. Kwa hiyo maharagi ya mlimani yanadai muda na makaa zaidi kuliko yale ya Walikale. Mpishi anayebana makaa anaweza kuyatoa mapema. Maharagi yakiwa bado magumu ndani, ni afadhali kuyarudisha.

Sombe nayo inadai kazi. Majani ya mihogo yana sumu ya sianidi, na inapungua yakitwangwa vizuri na kuchemshwa muda mrefu. Mihogo michungu nayo sherti iloweshwe siku kadhaa kabla ya kukaushwa na kusagwa. Njaa na vita vinapofanya watu waharakishe kazi hiyo, hatari inaongezeka. Kongo inaujua ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu ya watu wanaokula mihogo isiyoloweshwa vizuri bila chakula kingine cha kujenga mwili. Daktari Giovanni Trolli aliueleza tangu mwaka 1938, upande wa Kwango. Bugali yenye uchungu mdomoni si ya kumaliza kwa sababu tu imelipiwa.

Mafuta: mekundu, meupe na meusi

Mafuta ya mawese ni utajiri wa Walikale. Yakiwa mekundu, yana karotini nyingi, ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho na kusaidia watoto kupambana na magonjwa. Lakini wapishi wengi huyaweka kwanza motoni hadi yawe meupe, ili yapoteze harufu na rangi. Rangi ile inayopotea ndiyo karotini yenyewe. Mteja anapenda sombe isiyo na harufu ya mawese, lakini kinachobaki ni mafuta matupu.

Hata yakiwa mekundu, sherti kuwe na kipimo. Karibu nusu ya mafuta ya mawese ni mafuta mazito, yale ambayo yakizidi huongeza hatari ya ugonjwa wa moyo. Na gramu moja ya mafuta, ya aina yoyote, ina nguvu mara mbili na zaidi kuliko gramu moja ya unga ama sukari. Sombe inayoelea katika mafuta inaweza kumfaa mtu aliyebeba mizigo tangu asubuhi. Kwa mtu anayekaa dukani siku nzima, ni mzigo.

Hatari nyingine ni mafuta ya kukaangia yanayotumiwa tena na tena: kwa mandazi asubuhi, samaki mchana, viazi jioni, na kesho yake vilevile. Mafuta yakipata moto mara nyingi yanavunjika na kutoa vitu vinavyodhuru. Dalili zake zinaonekana bila chombo chochote: yamekuwa meusi, mazito, yanatoa povu na moshi, na harufu yake inashika koo. Mteja akiona hivyo, achague kilichochemshwa ama kilichochomwa: ndizi za kuchemsha, viazi vya kuchemsha, mahindi ya kuchoma, samaki wa mchuzi.

Chumvi isiyoonekana

OMS inashauri mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, karibu kijiko kimoja kidogo cha chai. Kiasi hicho ni rahisi kukipita katika mlo mmoja wa resto. Kuna chumvi ya sufuria, kuna kube, kuna makayabo ama samaki mkavu, halafu kuna ile ambayo mteja mwenyewe anamwaga juu ya sahani kabla ya kuonja. Kube nyingi karibu nusu ya uzito wake, ama zaidi, ni chumvi. Mpishi anayetia kube tatu na kisha chumvi ametia chumvi mara mbili bila kufikiri.

Madhara hayaonekani siku hiyo. Chumvi nyingi inapandisha shinikizo la damu, na shinikizo la damu halina dalili za kuonyesha mapema. OMS inahesabu zaidi ya watu bilioni 1,2 wenye ugonjwa huo duniani, na karibu nusu yao hawajui kama wanao. Mahali ambapo kituo cha afya kiko mbali, ama kimeporwa, wengi wanajua siku ile mtu anapoanguka na upande mmoja wa mwili kupooza. Ndugu wanasema amerogwa, kumbe damu ilikuwa inapanda kwa miaka.

Hatua tatu zinawezekana hata Ndjingala. Ya kwanza ni kuonja kabla ya kuongeza chumvi. Ya pili ni kutokunywa mchuzi wote wa makayabo, na kumwomba mama alowe samaki huyo na kumwaga maji ya kwanza kabla ya kumpika. Ya tatu ni kutafuta ladha katika kitunguu, vitunguu saumu, nyanya, pilipili na ndimu. Vitu hivyo vinaleta utamu bila kupandisha damu.

Sukre, chai na lotoko

Chupa ndogo ya sukre ya santilita 33 ina karibu gramu 35 za sukari, sawa na vijiko 8 ama 9 vya chai. OMS inashauri sukari ya kuongezwa isipite gramu 50 kwa siku, na ni vizuri zaidi ikibaki chini ya 25. Chupa moja tu tayari imepita kipimo hicho cha pili. Chupa mbili kwa siku, pamoja na chai tamu na mandazi asubuhi, ni njia fupi ya kuelekea kisukari na meno kuoza. Maji safi ndiyo kinywaji cha kwanza. Masisi, maziwa ya kuganda bila sukari ni chaguo zuri, yakiwa yametoka kwenye maziwa yaliyochemshwa.

Chai yenyewe si adui, lakini saa yake ni ya kuangalia. Chai ikinywewa pamoja na chakula inazuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo katika maharagi na mboga. Kwa mwanamke mwenye mimba ama mtu mwenye upungufu wa damu, ni afadhali kungoja kama saa moja. Kinyume chake, ndimu, chungwa, papai ama nanasi pamoja na maharagi vinasaidia chuma kuingia. Lotoko haina nafasi katika hesabu hii: inatoa nguvu ya uongo, inaharibu maini, na inakula pesa ya chakula cha nyumbani.

Nyama ya pori na fromaji

Walikale, nyama ya pori iko katika resto nyingi. Haina mafuta mengi, na kwa vijiji vingi ni chakula cha tangu zamani. Lakini hatari yake iko kabla ya sahani: katika kuchinja na kukata. Ebola na mpox ni magonjwa yanayoweza kupita kutoka kwa mnyama hadi kwa mtu kupitia damu na nyama mbichi. Nyama iliyoiva hadi ndani ni salama zaidi. Iliyokaushwa kwa moshi nje na kubaki mbichi ndani si salama. Mnyama aliyekutwa amekufa msituni haliwi kabisa. Sokwe na gorila wanalindwa na sheria, na mbuga za Maiko na Kahuzi-Biega zinafika hadi ndani ya Walikale. Kumkataa sahanini ni kulinda afya na msitu pamoja.

Fromaji ya Masisi inatoa kalsiamu na protini, na kipande kidogo pamoja na ndizi ama viazi ni chakula cha safari kinachozidi mandazi mara nyingi. Lakini ina mafuta na chumvi, kwa hiyo kipande, si nusu ya gurudumu. Kama imetengenezwa kwa maziwa yasiyochemshwa, wanawake wenye mimba waiache.

Sahani nzuri yenye maji mabaya

Kuchagua mboga na kupunguza chumvi hakusaidii kitu kama chakula kina kolera. Kivu inakumbuka Julai 1994, wakati kolera na kuhara damu viliua makumi ya maelfu ya wakimbizi kandokando ya Goma. Tangu hapo ugonjwa huo haujaondoka mashariki mwa Kongo, na unarudi kila mara watu wanaposongamana kambini bila maji safi.

Kabla ya kuagiza, mteja aangalie vitu vinne. Je, kuna maji na sabuni ya kunawa mikono? Je, chakula kinatoka motoni kikiwa na mvuke, ama kimekaa tangu asubuhi? Je, kisu cha nyama mbichi ndicho kinachokata nyanya? Je, sahani zinaoshwa katika beseni moja lenye maji ya kijivu? OMS inashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili bila moto, na kikirudishwa motoni kichemke kweli. Mchele unadai uangalifu wa pekee: mchele uliopikwa na kubaki usiku kucha sufurianimwe unaweza kuzaa vijidudu vinavyoacha sumu ambayo hata moto wa kesho haiui. Kachumbari na saladi vilivyooshwa kwa maji ya mto ni vya kuachwa. Tunda linalomenywa na mteja mwenyewe, kama ndizi ama avoka, ni salama zaidi.

Siku ya kukaa kwenye meza ya Mchina

Mfanyabiashara wa Masisi ama Walikale anayesafiri Kampala ama Nairobi anaweza kualikwa siku moja katika mgahawa wa Kichina. Hapo orodha ni ndefu na majina ni mageni, lakini macho yaliyozoea kuchunguza sahani ya Mubi yanatosha. Mchele mweupe wa mvuke ni bora kuliko mchele wa kukaanga. Mboga zilizogeuzwa haraka katika mafuta kidogo, samaki wa mvuke na tofu, ile soya iliyogandishwa, ni chaguo zuri. Nyama iliyofunikwa unga, ikakaangwa na kumwagiwa mchuzi mtamu ni mandazi kwa jina jingine.

Adui mkubwa wa meza hiyo ni mchuzi wa soya. Kijiko kimoja kikubwa kina zaidi ya gramu 2 za chumvi, karibu nusu ya kipimo cha siku nzima. Ni vizuri kuomba mchuzi uletwe pembeni na kuchovya badala ya kumwaga. Tena, Wachina hula sahani zikiwa katikati ya meza na kila mtu akichukua kidogo, sawa na familia ya Kihunde ama ya Kinyanga inayozunguka sinia moja. Kula hivyo, polepole na kwa kugawana, kunamlinda mtu asishibe kupita kiasi.

Si kila mtu apunguze

Mashauri haya hayawahusu wote namna moja. Mwanzoni mwa 2025, karibu Wakongomani milioni 28 walihesabiwa kuwa katika njaa kali. Uchunguzi wa kitaifa wa 2013-2014 ulionyesha kwamba watoto 43 kwa 100 wenye chini ya miaka mitano walikuwa wafupi kuliko umri wao, alama ya utapiamlo wa muda mrefu. Kwa mtoto huyo, kwa mama anayenyonyesha na kwa mkimbizi aliyefika jana kutoka Nyabiondo, kijiko cha mafuta mekundu ya mawese juu ya maharagi ni dawa. Kumwambia apunguze mafuta ni kosa.

Lakini mtu mwenye miaka 45, anayekula resto kila siku, ambaye mkanda wake umeongezwa tundu mbili tangu mwaka jana, ana hesabu nyingine. Katika nyumba moja wanaweza kuwamo mtoto mwenye utapiamlo na baba mwenye shinikizo la damu, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Pesa ya sukre mbili na ya sahani ya pili ya nyama, ikirudi nyumbani, inanunua maharagi na lengalenga ambavyo vingewasaidia wote wawili.

Mama mpishi ndiye anayeshika ufunguo

Mwishowe, mwenye resto ana nguvu kuliko muganga, kwa kuwa analisha watu wengi kila siku. Kupunguza kube moja katika sufuria, kubadilisha mafuta kabla hayajawa meusi, kutoyageuza mawese kuwa meupe, kuweka ndoo ya maji na sabuni mlangoni: mambo hayo hayamwongezei gharama kubwa, na mengine yanampunguzia. Naye anapika kile ambacho wateja wanaomba. Wakiomba nyama ya kukaanga tu, atakaanga. Wakianza kuomba mboga zaidi na maji yaliyochemshwa, atakwenda sokoni kuvitafuta.

Vita na hali ya barabara si mambo ambayo mtu aliyekaa kwenye benchi ya resto anaweza kuyaamua. Chumvi anayoongeza, chupa anayofungua na swali analomuuliza mama kabla ya sahani kuja, hayo bado yako mikononi mwake.